Pampu Ambayo Mama Hansa Hakuniuzia

Ijumaa, Oktoba. Nyumbani, Kinampanda.

Upepo umevuma tangu alfajiri, ule mkavu wa mwezi wa kumi unaopiga bati na kukuachia mchanga kwenye meno. Nina vumbi masikioni na dizeli chini ya kucha, na mikono inanuka hata baada ya kunawa mara tatu. Jua halijazama. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, simu juu ya magoti, naandika kabla ujasiri haujanipungua.

Kutoka hapa nawaona Tajiri na Subira, maksai wa Baba, zizini. Tajiri ni mweusi na mpole. Subira ana baka jeupe ubavuni, na jina lake halijamsaidia kitu. Hata sasa anagonga fito kwa pembe kwa sababu maji yamechelewa.

Hadi leo mchana walikuwa wameshauzwa.

Aliyewauza ni mimi.

Nianze mwanzo. Baba ana pikapu ya dizeli iliyonizidi umri. Aliinunua kwa mradi mmoja uliofunga shughuli zake nikiwa darasa la pili, na maandishi ya mradi bado yanaonekana mlangoni chini ya rangi, ukiyatazama jua likiwa upande. Imebeba alizeti kwenda kukamuliwa, imebeba wajawazito na maharusi, imebeba majeneza na waliokuwa wakilia juu yake. Hapa kijijini watu hawasemi gari la mzee fulani. Wanasema "gari", basi.

Wiki tatu zilizopita ikaanza kuzima. Kwenye tambarare inakwenda vizuri. Ukiipa mlima na mzigo, inapoteza nguvu kidogo kidogo, inatetemeka, kisha kimya. Ukisubiri nusu saa inawaka kana kwamba hukuwa na sababu ya kulalamika.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Naliandika hili hapa kwa sababu ndilo lililoniponza. Tangu nilipopangiwa shule ya hapa mwaka jana, Baba ameniachia mambo yote yenye waya, karatasi au injini. Nami nimeyapokea yote. Sikuwahi kusema sijui.

Kwa hiyo nilibadilisha filta. Nikatoa hewa kwenye njia ya mafuta kwa kubonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta, mpaka kidole gumba kikaota lengelenge. Nikatazama video za mafundi wa nchi za mbali mpaka bando likaisha. Filta niliyoitoa ilikuwa safi, na nikajenga hoja juu yake: filta ni safi, maana yake dizeli ni safi, maana yake tatizo liko mbele ya filta. Na mbele ya filta kuna pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwa nguvu kwenda kwenye nozo zinazoipuliza ndani ya injini. Nilimketisha Baba, nikamchorea kwa mishale, nikamwambia pampu imekufa.

Aliutazama mchoro wangu kwa muda mrefu.

"Kama umeona wewe, basi," akasema.

Hakuuliza hata swali moja. Siku mbili baadaye alikuwa ameshakubaliana na mnunuzi wa ng'ombe. Pampu ni ghali, na kitu pekee hapa nyumbani kinachoweza kuinunua ni jozi ya maksai wanaovuta plau. Baba aliwafundisha mwenyewe, misimu mitatu, akiwasemesha Kinyiramba kwa sauti ya upole ambayo sisi watoto hatukuwahi kuisikia. Mvua zikianza angelima kwa jembe la mkono. Ana miaka sitini na minne. Mnunuzi angefika Jumamosi alfajiri.

Yaani kesho.

Leo niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Singida mjini kuomba pampu iwekwe kando mpaka ng'ombe watakapochukuliwa. Nilikwenda na pikapu yenyewe ili nisije nikapewa pampu isiyolingana. Ilizima mara tatu njiani. Mara zote tatu nilikaa pembeni mwa barabara nikihesabu dakika, na mara zote tatu nilijiambia: unaona, pampu.

Duka nililoelekezwa ni jembamba kama korido, limejaa mikanda, bearingi na taa za magari ambayo hayatengenezwi tena. Mwenye duka ni Mama Hansa. Ukoo wake ni wa Kihindi, wenye maduka mjini tangu enzi za babu zake, naye alizaliwa chumba cha nyuma ya duka hilo hilo. Ana kama miaka sitini, miwani imefungwa kwa uzi, kandambili miguuni. Nilimkuta akibishana na bibi mmoja juu ya tairi la baiskeli, wote wawili kwa Kinyaturu, na bibi ndiye aliyekuwa akishindwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini?"

Nikamwambia. Hakunyanyuka kwenda kwenye rafu. Alivaa miwani.

"Nani amekwambia imekufa?"

"Nimegundua mwenyewe."

"Ah. Afadhali. Tukikuta siyo, hatuna wa kugombana naye."

Kisha yakaja maswali. Nataka kuyahifadhi hapa kwa sababu sijawahi kuulizwa hivyo, si chuoni, si popote. Inazima ikiwa na mzigo au hata tupu? Inakufa ghafla kama taa, au inakufa kama mtu anayeishiwa pumzi? Ikizima, unasubiri ipoe kabisa ndipo iwake, au inawaka ikiwa bado ya moto? Tangi linakuwa limejaa au lina kidogo? Ilianza lini, na wiki hiyo nyumbani kwenu kulibadilika nini?

Nilijibu yote isipokuwa la mwisho. Nilisema hakuna kilichobadilika. Nilisema kwa uhakika.

"Pampu iliyochoka," akasema, "inagoma kuwaka ikiwa ya moto. Yako inapumzika nusu saa, bado ya moto, inawaka. Huyo si mgonjwa ninayemjua."

Nikamwambia kwamba nafundisha fizikia, nikamweleza habari ya filta safi. Nilikuwa naitegemea sana filta yangu.

"Mwanangu, ukiona mlangoni kwako hapapiti wageni, usiseme wageni wameisha duniani. Tazama kama kuna mtu amefunga geti."

Nilisimama pale, mwenye shahada, nikahisi mishale yote niliyomchorea Baba ikigeuka na kunitazama.

Mama Hansa ana desturi moja, na mjini wote wanaijua isipokuwa mimi. Hauzi pampu mpaka gari linywe kwake kwanza. Kwenye nguzo ya baraza la duka kuna dumu la lita tano limening'inizwa msumarini, lina mipira miwili inayopitisha mwanga, kama ile ya dripu hospitalini, ila minene zaidi. Mpira mmoja unapeleka dizeli kwenye injini, wa pili unarudisha ile inayobaki. Tangi la gari linaachwa nje ya mambo. Ni hicho tu.

Alitoka na bisibisi mwenyewe. Alikunja mikono ya blauzi, akalegeza kibano cha bomba bila kutazama, kama mtu anayefungua kifungo cha shati lake. Vidole vyake vifupi, pete moja, hakuna harakati hata moja ya ziada. Dumu tukalifunga juu ya kebini kwa mpira wa tyubu. Mafundi wa gereji ya upande wa pili wakasogea.

"Mama Hansa, leo unanyonyesha tena?" mmoja akapiga kelele.

"Nyamaza, Juma. Wiki iliyopita ulishusha injini ya watu kumbe tangi tupu."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Mama Hansa akawageukia wote.

"Inazima ikiwa na mzigo. Sina mzigo hapa. Mzigo ni nyie, pandeni."

Wakapanda. Kumi na mmoja, mmoja akiwa na kikombe. Mama Hansa akakaa pembeni yangu, akaupitisha mpira mbele ya dirisha lake ili aone kama kuna mapovu ya hewa, akaniambia niende kwenye mwinuko mrefu wa nje ya mji, kule kwenye majabali.

Nilikuwa nikiomba, na ninaona aibu kuandika nilichokuwa nikiomba. Nilikuwa nikiomba izime. Sehemu fulani yangu ilitaka pampu iwe imekufa kweli, Tajiri na Subira waende, ilimradi mimi niwe sahihi.

Haikuzima.

Ilipanda ikinguruma, watu kumi na mmoja nyuma wakiimba, dizeli kwenye mpira ikishuka safi kama chai ya rangi bila hata povu moja. Tulifika juu. Nikageuza, tukashuka, tukapanda tena. Mara ya tatu Mama Hansa aliacha kuutazama mpira, akawa anatazama majabali.

"Haiumwi," akasema. "Ina njaa."

Nilisimamisha gari pale juu nikalia kidogo. Yeye akajifanya anakagua kibano kilichokuwa hakina tatizo lolote. Nitamheshimu kwa hilo kuliko hata kwa ule ujuzi.

Tuliporudi dukani, nilitaka kukimbilia kumpigia Baba. Akanizuia. Bado hatujui nani amefunga geti, alisema, na mtu haendi nyumbani na nusu ya habari. Alichomoa bomba linalotoka kwenye tangi, akalifuta kwa kitambaa, akanipa.

"Puliza wewe. Mapafu yako mapya."

Nilipuliza. Hakuna kitu. Ni kama kupuliza ukuta. Nikapuliza tena mpaka macho yakanitoka, ghafla kitu kikaachia, na ndani ya tangi tukasikia maji yakichemka, au sauti kama hiyo. Mama Hansa akatabasamu kwa mara ya kwanza leo. Juma, yule yule aliyetukanwa, akaingia chini ya gari bila kuombwa. Baada ya saa moja alikuwa ametoa kile kichujio kidogo cha waya kinachokaa ndani ya tangi, mahali ambapo bomba linanyonyea mafuta.

Hakikuonekana kama waya. Kilikuwa kimevaa utando mzito wa kahawia, unanata, unang'aa kidogo, kama utomvu. Gari likivuta kwa nguvu mlimani, utando na mashapo ya tangini yanakumbatia kichujio na kukiziba. Likizima, yanaachia taratibu na kuzama chini. Nusu saa.

Mama Hansa akausugua utando kati ya vidole. Akanusa. Akanusa tena, akanitazama juu ya miwani.

"Hii haijatoka kituo cha mafuta. Imetoka jikoni. Ulitaka kukaanga nini, Mwalimu?"

Walicheka wote. Mimi pia nilinusa.

Alizeti.

Hapo ndipo lile swali la mwisho liliponirudia, lile nililolijibu kwa uhakika. Nyumbani kwenu kulibadilika nini?

Nilibadilika mimi. Kwa miaka yote Baba alikuwa akileta dizeli ya akiba kwenye debe moja la bati lenye mstari mwekundu. Halikuwahi kuwekwa kitu kingine. Kila alipojaza tangi alipitisha dizeli kwenye kipande cha kitambaa juu ya faneli, taratibu, kama anachuja uji wa mtoto. Nilipoanza kusimamia gari, niliona debe limeshika kutu. Wakati wa likizo ya Septemba nikapanga stoo upya, nikalitupa debe kwenye shimo la taka pamoja na kitambaa chake. Nikachukua madumu matatu ya Mama aliyokuwa akihifadhia mafuta ya alizeti kutoka mashine ya kukamulia, yale mabichi yenye mashapo mazito chini. Niliyaosha kwa maji ya moto na sabuni, nikayaanika, nikayaandika DIZELI kwa kalamu ya wino mzito. Mama alikuwa akinitazama kutoka jikoni.

"Dumu la alizeti halisahau, mwanangu," alisema.

Nilidhani anazungumzia harufu.

Mama Hansa hakunicheka zaidi ya hapo. Alisema mjini hapa, na vijijini kote tunakolima alizeti, ameshaona vichujio vya namna hii vingi kuliko pampu zilizokufa. Watu wanaheshimu sana pampu, alisema, kwa sababu ni ghali. Hakuna anayeliheshimu dumu. Juma akamwaga tangi, akalisuuza, akasugua kichujio kwa petroli na mswaki wa zamani mpaka waya ukaonekana tena, akarudisha kila kitu. Nilipouliza bei ya kazi yake, Mama Hansa alijibu kabla yake: atalipwa soda, kwa ile injini ya watu. Yeye mwenyewe aliniuzia vibano viwili vipya na mita moja ya mpira unaopitisha mwanga.

"Huu uukate, uuweke kabla ya filta. Uwe unaona kinachopita."

Nimekuwa nikimfikiria njia nzima ya kurudi. Mwanamke mwenye duka, ambaye angeweza kuniuzia kitu cha bei kubwa kuliko vyote rafuni mwake, na mimi ningeshukuru na kuondoka. Asingekuwa amedanganya mtu. Mimi ndiye niliyeomba. Badala yake alitumia nusu ya siku, akapanda mlima na watu kumi na mmoja, ili asiuze. Na njia yake yote ni kuuliza kwanza, kisha kutenganisha kitu kimoja na kingine, kisha kutazama. Mimi hulifundisha hilo kidato cha kwanza, mada ya kwanza kabisa. Naliandika ubaoni, wanafunzi wananakili, tunapiga mstari chini yake.

Pikapu ilipanda milima yote hadi nyumbani bila kukohoa.

Nilimkuta Baba zizini akiwatazama ng'ombe wake, akifanya kana kwamba anakagua fito. Nilimwamkia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, tangu maswali hadi alizeti. Sikumwacha Mama Hansa wala madumu. 

"Kwa hiyo pampu ni nzima."

"Nzima, Baba."

"Mafuta ya mama yako ndiyo yaliyokuwa yakiziba."

Kutoka jikoni Mama, ambaye kumbe alikuwa akisikia kila neno, akaimba: "Dumu la alizeti halisahauuu!"

Baba akaingia stoo. Nilisikia akisogeza majembe. Alitoka na debe la bati lenye mstari mwekundu. Kitambaa kilikuwa ndani, kimefuliwa na kukunjwa. Alilitoa shimoni siku ile ile niliyolitupa, akalificha nyuma ya plau. Hakujua kwamba lina uhusiano wowote na kuzima kwa gari. Aliliokoa tu, kwa sababu ni lake na lilikuwa zima.

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ningekuambia," akasema, "ungenifundisha."

Alicheka mpaka akashika fito. Nami nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu niliwaza ile siku ya mchoro. Alikuwa ameketi mbele ya mtoto wake mwenye mishale kwenye daftari, akaamua kutoa kitu anachokipenda badala ya kuniuliza swali ambalo lingeonekana kama hajaniamini. Nilikuwa nikidhani Baba hakuuliza kwa sababu hakuelewa. Leo naona kuna upole ambao watu wenye haraka huuona kama kutojua.

Nikamwambia basi ampigie mnunuzi asije. Akanishangaa.

"Mimi? Aliyewauza ni nani?"

Hakuwa amekasirika. Alinieleza kama mtu anayemweleza mgeni desturi za nyumbani. Neno la ng'ombe halivunjwi kwa simu. Mtu anakuja, anamkuta aliyelivunja amesimama mlangoni mwa zizi, anaambiwa usoni. Na kwa kuwa ameacha shughuli zake na kutembea bure, harudi mikono mitupu. Anarudi na kuku, na kuku awe wa yule aliyekosea.

Kuku wangu ni sita. Nimeshamchagua atakayekwenda, jogoo mwekundu, mkubwa kuliko wote, yule niliyemleta mwenyewe kutoka Misigiri akiwa kifaranga ndani ya mkoba wa shule. Nilitaka kuchagua mdogo zaidi. Nikamkumbuka Mama Hansa na nusu ya siku yake.

Jua limefika kwenye vilele vya miti. Baba amewapelekea ng'ombe maji, na Subira ameacha fito kwa sasa. Debe limerudi mahali pake. Yale madumu matatu nimeyafuta maandishi.

Alfajiri nitakuwa mlangoni mwa zizi kabla mnunuzi hajafika, jogoo kwapani. Nina neno moja tu la kumwambia: nilikosea. Nimelifanyia mazoezi hapa kwenye ngazi, kimoyomoyo, na kila mara linataka kufuatwa na "lakini".

Ngoja nijaribu tena.